Ng'ombe wa Kifaransa

Watu wenye watoto wanaokaribia kuchagua masomo ya chuo huja nyumbani kwangu Maisaka kuniuliza swali moja, nao huliuliza kwa upole sana, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu: hivi, mwalimu, ile shahada yako ya lugha ilikulipa? Wakati wananiuliza, macho yao yanakuwa yameshapanda kwenye paa, yameteremka kwenye viti, yamefika kwenye baiskeli iliyoegemea ukutani, na kabla sijafungua mdomo wameshapata jibu. Hunihurumia, wanakunywa chai, wanaondoka kumtafutia mtoto nafasi ya uhasibu.

Lakini jibu ninalo, tena kamili kuliko wanavyodhani. Shahada yangu ilithaminiwa rasmi, kwenye kikao halali, mbele ya mashahidi wa pande mbili. Thamani yake ni ng'ombe mtamba mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Nilimaliza chuo kikuu wakati Manyara imekatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa. Babati niliyoiacha ilikuwa mahali ambapo basi lilisimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma. Niliporudi niliikuta ni makao makuu. Mji mzima ulikuwa unapimwa. Ulikuwa huwezi kutembea bila kujikwaa kwenye kigingi, na kila mwenye shamba pembezoni alikuwa analitazama shamba lake kwa heshima mpya, kama baba aliyeambiwa ghafla kwamba mtoto wake mtundu ana kipaji. Nyumba za kulala wageni zilikuwa zinajengwa kabla haijajulikana wageni wenyewe watatoka wapi. Malori yalikuwa yanateremsha makabati ya watu kutoka Singida, Kondoa na Moshi. Ilikuwa wazi kwamba mkoa mpya ulikuwa unahitaji kila kitu: wahasibu, wauguzi, mafundi bomba, makarani, madereva.

Mimi nilikuwa nimesoma Kifaransa.

Kwa usahihi, Kifaransa na ukoo wake. Chuoni kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni, mama wa makamo kutoka Italia, ambaye jioni alitufundisha Kiitaliano bila malipo, sisi wanafunzi wachache, huku anatupikia tambi. Sasa nadhani alikuwa mpweke tu, lakini wakati ule nilidhani ananiandaa kwa mambo makubwa. Nilipata pia Kireno cha kuombea maji. Na nilisoma kwa bidii jinsi lugha hizo zote zilivyozaliwa na Kilatini, kiasi kwamba ningeweza kukueleza kwa kurasa nyingi jinsi herufi fulani ilivyopotea njiani kati ya Roma na Paris. Babati hapakuwa na mtu aliyekuwa anaitafuta.

Ofisi za mkoa zilikuwa bado kwenye majengo ya kuazima. Nilikwenda na bahasha yangu ya vyeti, nikamkuta afisa mmoja anakula karanga juu ya faili.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti. Umesomea nini?”

Nikamwambia.

“Sawa. Na kompyuta unaijua?”

“Kidogo.”

“Kidogo namna gani?”

“Naweza kuiwasha.”

Alicheka mpaka akapaliwa na karanga. “Mkoa bado mchanga, binti yangu,” alisema alipopata pumzi. “Wafaransa wakija tutakuita.”

Ningeweza kucheka naye kama lisingekuwapo suala la maksai. Baba yangu ni mkulima wa Bonga, na alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Nilipopata nafasi chuoni aliuza mmoja ili nipate nauli, godoro, viatu na fedha za kuanzia maisha. Sasa jembe la kukokotwa linataka maksai wawili, kama suruali inavyotaka miguu miwili. Yule aliyebaki ilibidi afungwe nira moja na maksai wa jirani, na jirani, kwa haki kabisa, alilima kwake kwanza. Kwa hiyo miaka yote niliyokuwa najifunza kusema kwamba majani ya miti yanadondoka taratibu, baba alikuwa anapanda amechelewa.

Jirani huyo alikuwa mtani mkubwa. Siku niliyorudi alikuwa amesimama kwenye uzio, hata sanduku langu halijafika mlangoni.

“Mzee,” alimwita baba, “yule maksai wako karudi?”

“Karudi.”

“Ameshajifunza kusalimia?”

“Anasalimia kuliko wewe.”

“Na msimu huu atalima, au atatafsiri?”

Baba alicheka. Alikuwa anacheka kila mara, na kila mara alikuwa anaingia ndani mapema kuliko kawaida yake. Hakuwahi kuniambia nimrudishie kitu. Alichotaka, na nilikijua bila kuambiwa, ni kuona mnyama mmoja mwenye miguu minne akiingia kwenye zizi lake kwa sababu ya Kifaransa, mchana, jirani akiwa uani.

Mume wangu nilimpata kwa sababu ya mkoa mpya. Alikuwa msaidizi wa wapima viwanja, mtu wa Singida, na nilimkuta akipigilia kigingi katikati ya bustani ya mchicha ya shangazi yangu. Tulianza kwa kugombana kuhusu mchicha. Baada ya mvua mbili alileta posa.

Kwetu, siku ya kupanga mahari, bibi harusi hukaa jikoni na shangazi yake. Haonekani mpaka aitwe. Lakini ukuta wa jiko la kwetu haukufika kwenye bati, na kila neno la sebuleni liliruka likatua kwenye sufuria. Desturi nyingine ni kwamba mgeni haonji chakula cha nyumba mpaka neno liishe. Mbuzi alikuwa ameiva tangu saa nne asubuhi, na shangazi alikuwa anafunua sufuria kila mara maongezi yalipokwama, ili harufu ikafanye kazi yake.

Upande wa mume ulisemewa na baba yake mdogo, mshenga wao. Alikuwa na duka la vipuri mjini, mtu aliyezoea kubishania boliti moja nusu saa na kumaliza kwa tabasamu. Kwa upande wetu msemaji alikuwa baba mkubwa, kwa kuwa baba wa binti hatakiwi kusema sana siku hiyo. Baba mkubwa alisema mwanzo. Baada ya hapo akasema baba.

“Ng'ombe tumekubaliana,” mshenga alisema. “Mbuzi tumekubaliana. Blanketi la bibi tumekubaliana. Dumu la asali tumekubaliana. Sasa, wazee wangu, huyu ng'ombe mwingine ni wa nini?”

“Wa chuo,” baba alisema.

“Chuo.”

“Chuo kikuu.”

“Mzee wangu, sisi tumekuja kuoa binti. Chuo hatukioi.”

“Lakini anakuja nacho. Mtakiacha wapi?”

Shangazi alinifinya paja kwa furaha.

“Haya,” mshenga alisema. “Hicho Kifaransa kinaingiza nini?”

“Mkoa ni mpya.”

“Ni mpya, naona. Kinaingiza nini?”

“Kitaingiza.”

“Mzee wangu, niwie radhi. Mimi nauza vipuri. Kipuri kisichoingia kwenye trekta lolote hapa Babati hakina bei. Hata kiwe kimetengenezwa Ulaya, hata kiwe kinang'aa. Nitakifuta vumbi, nitakirudisha kwenye shelfu.”

Shangazi akafunua sufuria. Mara hii hata harufu haikusaidia. Nilisikia kiti kikisogea, na mtu akikohoa kile kikohozi cha kutafuta kofia.

“Wanaondoka,” shangazi alininong'oneza. “Sikiliza. Huyu kijana unamtaka au humtaka?”

“Namtaka.”

“Basi nikamwambie baba yako amwache huyo ng'ombe wa chuo?”

Ningepaswa kusema ndiyo. Mtu aliyekuwa ananipenda alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta, kimya kama desturi inavyomtaka, na nilijua anakunja vidole. Lakini nilikuwa nimesikia masomo yangu yakiitwa kipuri cha kufutwa vumbi, na nilijua kwamba baba akimwacha huyo ng'ombe, jirani atapata utani wa kumtosha mpaka uzeeni.

“Amng'ang'anie,” nilisema.

Shangazi alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. “Sasa ndiyo naona umesoma,” alisema, akafunua sufuria kabisa, akaacha wazi.

Mshenga ndiye aliyepata njia. Wenye maduka hawapendi kuondoka bila biashara. “Wazee,” alisema, “tufanye hivi. Ng'ombe wa Kifaransa tutamleta siku Kifaransa kitakapoleta. Siku binti atakapotia mkononi shilingi ya kwanza ya hicho Kifaransa, si ya kitu kingine, sisi tunaleta mtamba. Kisipoleta, hatuleti.”

“Hata ikipita miaka?” baba aliuliza.

“Hata miaka.”

“Mtamba mzima? Si maneno?”

“Mtamba mwenye mkia.”

Wakapeana mikono. Niliitwa, nikaulizwa kama wageni hawa nawajua, nikasema nawajua, watu wakapiga vigelegele, mbuzi akaliwa. Mshenga alikula kama mtu aliyeshinda, kwa sababu hakuamini kwamba Kifaransa kitaleta kitu. Baba naye alikula kama mtu aliyeshinda, kwa sababu aliamini mkoa utaniita baada ya mavuno. Sijawahi kuona tena mapatano yaliyomridhisha kila mtu kiasi kile.

Mkoa haukuniita. Iliniita shule moja ya sekondari, ambayo mkuu wake alisoma cheti changu, akakigeuza kuona kama kuna kitu cha maana nyuma, kisha akasema, “Lugha ni lugha. Utafundisha Kiingereza.” Nikafundisha Kiingereza, na wanafunzi, ambao hujua kila kitu, wakaniita Mama Kifaransa.

Mshahara wa kwanza ulipotoka, baba alikuja Maisaka amevaa shati la kanisani na fimbo ya safari. Alikuwa amekuja kudai. Mume wangu akamwita baba yake mdogo, tukaketi sebuleni.

“Anafundisha lugha,” baba alisema. “Lugha aliisomea chuo.”

“Anafundisha Kiingereza,” mshenga alisema. “Tulipatana Kifaransa.”

“Vyote si vya Ulaya?”

“Mzee wangu, mimi na wewe sote ni wa Tanzania. Tumezaliwa nyumba moja?”

Wakanigeukia mimi. Hapo ndipo mtu mwenye akili ya kawaida angekumbuka ametoka tumbo gani. Mimi nilikumbuka mihadhara. Nikaeleza, kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu kuulizwa, kwamba Kiingereza si cha tumbo moja na Kifaransa, kimetoka kwenye ukoo mwingine kabisa, ila zamani kilichukua maneno mengi sana kutoka kwa Kifaransa.

“Kiliyaazima,” mshenga alisema.

“Tunaweza kusema hivyo.”

“Sasa mtu akiazima koti la baba yangu, ameshakuwa ndugu yangu?”

Baba alinitazama kama mtu aliyeuza maksai kumsomesha shahidi wa upande wa pili. Akanywa chai yake, akaaga, akarudi Bonga kwa miguu ingawa nauli tulimpa.

Baada ya hapo kila tulipoonana alikuwa anauliza habari za watoto, kisha habari za shule, kisha, kwa sauti ile ile, “Na Kifaransa hakijambo?”

“Kipo, baba.”

“Kinakula tu.”

“Kinakula tu.”

Mara moja watalii wawili Wafaransa walipotea njia wakielekea Dodoma, wakasimama karibu na shule. Niliwaelekeza kwa sentensi ndefu na nzuri, ambazo zingefaa kusomwa kwenye mazishi ya mfalme. Walishukuru sana wakanipa kalamu. Baba alipoambiwa aliichukua ile kalamu, akaipima uzito kiganjani, akasema mwenyewe, “Kalamu si shilingi.” Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, alishusha pumzi ndefu. Tangu siku hiyo akawa mwoga. Akiona gari la wageni alikuwa ananiambia, “Waelekeze bure, mke wangu. Usipokee kitu. Unatafuta kunifilisi.” Nadhani mimi ndiye mwanamke pekee wa Manyara ambaye mume wake aliomba asipate kazi aliyosomea.

Kilicholeta mabadiliko ni alizeti. Wakati huo watu wengi walikuwa wameanza kulima alizeti, na mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa akabaki, aliamua kuacha khanga na kuingia kwenye mafuta. Alinunua mashine ya kukamulia, ya mtumba, kubwa, ya kijani. Ilipofika ilikuwa na kitabu chake, na kitabu kilikuwa cha lugha asiyoijua yeye wala fundi wake. Waliiwasha kwa kubahatisha. Ilikunywa gunia la mbegu, ikanguruma, ikatoa uji mweusi, ikazima. Akaja shuleni wakati wa mapumziko, na kanzu yake safi, akanisalimu na kwenda moja kwa moja kwenye shida.

“Mwalimu, nasikia unasoma maandishi ya wale Wazungu wasiotumia Kiingereza.”

“Inategemea ni Wazungu gani.”

“Sijui. Mashine ndiyo inajua.”

Akatoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Nikafungua ukurasa wa kwanza na kusikia harufu ya tambi. Kilikuwa Kiitaliano.

Nilikubali kabla sijafikiri, kisha usiku nikafikiri. Kiitaliano changu kilikuwa cha mezani. Niliweza kuomba chumvi, kusifu mchuzi na kuuliza kama mama wa mtu ni mzima. Kitabu cha mashine hakikuwa na habari za mama wa mtu yeyote. Kilikuwa kimejaa vitu vinavyozunguka, vinavyobana na vinavyotakiwa kulegezwa upande wa kushoto. Kamusi yangu ya zamani ilinipa maana, lakini baada ya kupata maana nilikuta sina Kiswahili chake. Niliandika “kile kidude cha mviringo kinachoshikilia mhimili,” nikajua nimekwama.

Kwa hiyo jioni nikitoka shule nilikuwa napita dukani kwa mshenga, baba mkwe wangu mdogo. Nilikuwa namwonyesha mchoro, yeye anataja: beringi. Skurubu. Oilsili, ya kuzuia mafuta yasivuje. Mkanda. “Hii ni ya mashine gani?” aliuliza. Nikamwambia ni ya alizeti, ya yule mfanyabiashara wa mjini. Macho yake yakawaka, akavuta kiti akasema, “Kaa, mkwe, tuendelee,” na siku iliyofuata alikuwa ameshamuuzia yule mfanyabiashara beringi na mikanda. Hatukuitaja lugha. Hakuuliza. Mtu mwenye mteja mpya haulizi maswali mengi.

Tulipomaliza ilionekana tatizo lilikuwa dogo sana. Kitabu kilisema mashine iachwe izunguke tupu mpaka ipate joto, na mbegu nazo zipashwe kidogo kabla ya kumiminwa. Nilisimama pembeni nikiwa nimeshika karatasi zangu, naona aibu kama mtu anayesomewa insha yake hadharani, wakati fundi akifuata maelezo mstari kwa mstari. Mashine ikanguruma. Ikanguruma sana. Kisha uzi mwembamba wa mafuta ya rangi ya dhahabu ukaanza kuteremka kwenye ndoo, na mwenye mashine akasema “Alhamdulillahi” mara nyingi, akakimbilia dukani kwake, akarudi na bahasha na dumu la mafuta.

Nilipofika nyumbani, mume wangu aliliona dumu akafurahi. Kisha akaiona bahasha.

“Hiyo ni nini?”

“Shilingi ya kwanza.”

Alikaa chini polepole. “Rudisha.”

“Sirudishi.”

“Kiasi gani?”

Nikamwambia. Akafumba macho akapiga hesabu. “Hiyo haifiki hata nusu ya mtamba.”

“Najua.”

“Kwa hiyo umefanya kazi mwezi mzima ili tupate hasara.”

“Na dumu la mafuta.”

Alianza kucheka, na akishaanza huyu bwana hawezi kuacha. Alicheka akiwa amejishika kiuno, watoto wakaja kuangalia. Alipomaliza alifuta macho, akachukua baiskeli ukutani.

“Unakwenda wapi jioni hii?”

“Bonga,” alisema. “Mzee asije akasikia kwa mtu mwingine.”

Kesho yake baba alikuwa sebuleni kwetu, shati la kanisani, fimbo. Mshenga alikuja kwa haraka, lakini si kwa kukata tamaa. Alikuwa ameshajiandaa.

“Nimesikia,” alisema. “Hongera sana, mkwe. Kazi nzuri. Lakini wazee, tuseme ukweli. Kile kitabu ni cha Kiitaliano. Mapatano yetu ni Kifaransa. Koti la kuazima tulishalizungumza.”

Wote wakanigeukia, na baba akageuka kwa wasiwasi kuliko wote. Alikuwa anajua mwanawe anaweza kusema nini.

“Hapana,” nilisema. “Hili si koti. Hawa ni wa tumbo moja. Kifaransa, Kiitaliano, Kireno, Kihispania. Mama yao ni Kilatini.”

“Yupo wapi?” mshenga aliuliza.

“Alishakufa.”

“Zamani?”

“Zamani sana.”

“Na hao watoto wanaelewana?”

“Nusu nusu. Kila mmoja anaona mwenzake anatamka vibaya. Na Kifaransa anajiona bora kuliko wote.”

“Hao ni ndugu,” mshenga alisema, kabla hajajizuia.

Baba alisogeza kiti mbele. Hakupandisha sauti. “Nikuulize, mkwe. Kwenu Singida, mtu akikuahidi ndama wa ng'ombe fulani, na yule ndama asipatikane, anakuletea nini?”

Mshenga ni mtu wa biashara, lakini babu zake walichunga. “Analeta ndugu yake,” alisema. “Wa tumbo lile lile.”

“Na unampokea?”

“Unampokea.”

“Mimi nilingoja Kifaransa,” baba alisema. “Hakikuja. Amekuja ndugu yake. Mimi nimempokea.” Akanywa chai, akarudisha kikombe. “Halafu kile kipuri chako cha Ulaya. Kile kisichoingia kwenye trekta lolote. Nasikia kimeingia kwenye mashine, na wewe umeuza mikanda.”

Mshenga alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akalitazama dumu la mafuta pale pembeni. Kisha akaanza kutabasamu lile tabasamu lake la kumaliza biashara. “Mzee wangu,” alisema, “ungekuwa na duka ningefunga la kwangu.”

Mtamba walimnunua mnadani, wao pamoja na mume wangu, na hakuna aliyenionyesha uso wa kinyongo. Alikaa kwa mshenga Sigino siku chache, kisha baba akaja kumchukua, nami nikaomba ruhusa shuleni nimsindikize. Kuna njia za mashambani ambazo zingetufikisha mapema na kivulini. Baba hata hakuzitazama. Tulipita katikati ya mji, mbele ya ofisi mpya za mkoa zenye rangi mbichi, mbele ya kituo cha mabasi, halafu tukashika barabara ya Dodoma, kwenye jua, malori yakitupigia honi. Alikuwa anatembea taratibu, kamba mkononi. Kila aliyemsalimu, baba alisimama amwitikie. Nilikuwa nyuma na fimbo, mwenye shahada, nafukuza nzi.

Jirani alikuwa uani. Sijui kama ilikuwa bahati au kama baba alikuwa amempelekea ujumbe; sikuuliza. Alikuja mpaka kwenye uzio akamtazama mtamba kuanzia pembe mpaka kwato, kama anunuaye.

“Mzee, ndiye huyo?”

“Ndiye.”

“Mdogo. Yule maksai alikuwa mkubwa zaidi.”

“Alikuwa mkubwa,” baba alikubali. “Lakini yule alikuwa hazai. Huyu atazaa.”

Jirani alifikiri, akaona hapo hapana pa kupenya. Alimpapasa mnyama shingoni. Nilitambua kwamba alikuwa anafurahi kwa kweli. Yeye pia alikuwa amengoja miaka yote hiyo.

“Kwa hiyo huyu ndiye Kifaransa mwenyewe,” alisema.

“Hapana,” baba alisema, akinyoosha mgongo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mhadhiri. “Huyu ni Kiitaliano. Ni ndugu yake Kifaransa, wa tumbo moja. Mama yao alishafariki.”

Jirani alivua kofia.

“Ooh,” alisema. “Poleni sana.”